Mwanafunzi Aliyeikimbia Picha

*Mwandishi wa safu,*

*Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 34, sasa nimerudi kijijini kwetu, wilaya ya Pangani. Mwaka jana nilianza kuwafundisha akina mama wa hapa kusoma na kuandika, barazani kwangu, Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri. Hakuna aliyenituma. Jirani yangu aliniletea simu nimsomee ujumbe, kumbe ni taarifa ya msiba wa mdogo wake, na ulikuwa umekaa humo siku tatu. Usiku ule sikulala.*

*Walianza watano, wakafika kumi na tisa. Ndipo mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza chuo na bado hajapata ajira, akaniambia: Shangazi, hili ni jambo kubwa, tusajili shirika tutafute wafadhili. Andiko la mradi ameshaliandika. Linasema tuna wanafunzi 500 katika vijiji saba. Waanzilishi ni mimi, yeye na mkewe. Bajeti ina ofisi ya kupanga mjini, kompyuta mbili, fulana na bango. Kwa kuanzia anataka nitoe milioni nne kwenye kiinua mgongo changu.*

*Wakati huohuo darasa linapwaya. Naweka mahudhurio kama nilivyozoea: wiki moja wanakuja kumi na sita, wiki ya pili wanne, halafu wanarudi, halafu wanapotea tena. Wengine wananiuliza posho itaanza lini.*

*Na kuna mama mmoja, nimwite Bi Mkubwa, aliyekuwa mwanafunzi wangu bora. Kijana alimpiga picha ameinama na penseli, akaiweka kwenye andiko na kwenye status yake ya WhatsApp, chini akaandika: "Ana miaka 58, hajui hata kuandika jina lake." Picha ikazunguka mpaka kwa wakwe zake. Hajarudi darasani. Tukikutana njiani anageuza uso. Kijana ananiambia mzee Maruge wa Kenya alipigwa picha na dunia nzima na hakuona haya.*

*Mume wangu anasema nifunge tu. Nisajili shirika au nifunge darasa?*

*Mwalimu wa Barazani, Pangani*

Shikamoo, Mwalimu.

Umeuliza kuhusu shirika, lakini mimi nitaanza na Bi Mkubwa, kwa sababu mengine yote yananing'inia kwake.

Mtu mzima asiyejua kusoma ana kazi moja ambayo hapumziki nayo: kujisitiri. Akipewa karatasi anasema miwani ameisahau nyumbani. Kwa wakala anakabidhi simu pamoja na namba ya siri, kisha anatazama pembeni kama mtu asiye na wasiwasi. Kwenye kikoba anakaa karibu na mwenye kujua ili aige mkono unapoinuliwa. Kazi hiyo ameifanya miaka arobaini, na wapo walioifanya kwa ustadi kiasi kwamba hata mume hajui. Siku alipokuja barazani kwako alikubali kuvuliwa pazia hilo mbele yako na mbele ya wenzake wenye siri ileile. Kijana wetu akalifungua upande wa barabarani, wakwe wakapita wakaona.

Sasa tazama ugumu wa hili unalotaka kulianzisha. Darasa lako linaishi kwa sitara. Shirika linaishi kwa kuonyesha: mfadhili anataka picha, anataka idadi, anataka hadithi ya mama alivyokuwa gizani na alivyotoka. Sisemi viwili hivi haviwezi kukaa nyumba moja. Nasema shirika la kisomo lisipoamua mapema, kwa maandishi, litamsitirije mwanafunzi wake, litamla mwanafunzi huyo ili lenyewe liishi. Lako limeshaanza kumla kabla halijasajiliwa.

Na maneno yale chini ya picha yalikuwa uongo. Mwanafunzi wako bora hawezi kuwa hajui kuandika jina lake. Tena niulize jambo, Mwalimu: uliwahi kumuuliza kama alisoma chuoni? Mwanamke wa umri wake, mwambao huo, ana kila nafasi ya kuwa aliketi mkekani utotoni akasoma Juzuu Amma, na huenda mpaka leo anaisoma bila kusita. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya hizi tunazotumia. Mtu anayejua kwamba be ikiwekewa fat-ha ni "ba" na ikiwekewa kasra ni "bi" ameshaishika siri yote ya kusoma. Anachobadilisha ni umbo la herufi na upande wa kuanzia mstari. Watu wa namna hiyo wanahesabiwa kwenye makaratasi kuwa hawajui kusoma, na sisi walimu tunawaanzishia a, e, i, o, u kana kwamba macho yao hayajawahi kufuata mstari.

Kuhusu mzee Maruge, mwambie kijana amalizie hadithi. Kimani Maruge alikwenda mwenyewe kwenye lango la shule ya msingi Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, baada ya Kenya kufuta ada. Alivaa kaptula na soksi za shule mchana kweupe. Alipoalikwa New York mwaka uliofuata kwenda kuusemea mpango wa elimu ya bure, alipanda ndege kwa hiari yake. Yule mzee aliitafuta kadamnasi akaipata. Bi Mkubwa aliitafuta baraza ya nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kikao chochote, kijana aifute picha, aitoe kwenye andiko, na awaombe wote aliowatumia waifute. Hataipata yote, najua, lakini aombe. Kisha nenda wewe kwa Bi Mkubwa, jioni, peke yako, bila daftari na bila kutaja darasa. Omba radhi kwa jina lako, maana kijana ni damu yako na barazani ni kwako. Asipojibu, kunywa chai yake uondoke. Rudi siku nyingine.

Sasa mahudhurio yako, ambayo yamenifurahisha, kwani si kila mwalimu wa kujitolea anaweka daftari. Mimi ni mtu wa Ukerewe. Ziwa letu halijui kupwa na kujaa, kwa hiyo niliposoma "wiki moja wanakuja, wiki ya pili wanapotea" nilidhani ni uvivu. Nikampigia simu mama mmoja anayelima mwani, akacheka. Akaniuliza: "Hao wa kwako wanapotea bamvua?" Chukua daftari lako, Mwalimu, uweke kando yake kalenda ya mwezi. Nakadiria wale wanne wanaobaki ni wenye genge na mama lishe, na wale kumi na wawili wanaopotea ni wa mwani na wa kuchokoa pweza. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana. Hiyo ndiyo bamvua, na hizo ndizo siku zao za shamba. Asubuhi wako majini, mchana wanabeba, alasiri wanaanika na kufunga kamba. Mgongo gani unabaki wa kukaa barazani? Ratiba ya Jumanne na Alhamisi uliitoa shuleni. Ipange upya kwa bahari: wiki ya maji mafu darasa siku nne, wiki ya bamvua darasa lifungwe kwa heshima, kila mtu abaki na kadi moja ya maneno kumi nyumbani.

Ukiwa unapanga upya, angalia macho yao. Mwanafunzi wa miaka hamsini anayeshika daftari mbali, mkono ukiwa umenyooka, hana kichwa kizito. Anahitaji miwani ya kusomea. Nimewaona watu wakiacha kisomo wakiamini akili imezeeka, kumbe herufi zilikuwa ukungu tu. Ukinunua jozi sita za nguvu tofauti zikakaa kwenye kikapu cha darasa, umefanya kazi kuliko bango na fulana vikiwekwa pamoja.

Halafu usiwafundishe kama darasa la kwanza. Najua mkono umezoea. Lakini mtu aliyezaa na kuzika hasimamishwi kujibu, wala hapigiwi makofi ya "paa, paa, paa" akipata. Umpe kitu kinachomuuma leo. Bahasha ya dawa ya zahanati, kwa mfano. Imeandikwa 1 x 3. Mwanamke mmoja niliyemfahamu aliisoma kuwa ni vidonge vitatu mara moja, akavimeza vyote asubuhi kwa sababu ndivyo mjukuu alivyomwambia. Chora bahasha hiyo ubaoni. Andika 1 x 3, andika 2 x 1, andika "kutwa mara tatu", na waambie waigize kwa punje za mahindi: asubuhi, mchana, usiku. Siku ya pili leta ujumbe wa muamala: ipi ni pesa iliyoingia, yapi ni makato, lipi ni salio. Watafute tarakimu tatu hizo kwenye simu zao wenyewe. Siku ya tatu karatasi ya mkopo, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina kausha damu, ambayo wengi wameitia dole gumba bila kujua neno "dhamana" limekaa mstari wa ngapi. Kiswahili kinatupendelea hapa. Kinaandikwa kinavyotamkwa, na mtu akishazishika silabi zake anaweza kusoma hata neno asilolijua. Kazi itabaki kwenye ng', mb, dh, gh na jamaa zao.

Mama atakayegundua kwamba kuna mtu amekuwa akimkatia elfu mbili kila anapotumiwa hela hatakuuliza posho tena. Hao wanaouliza usiwakasirikie. Kila mgeni aliyewahi kuwaita mkutanoni aliwapa soda na bahasha, wakajifunza kwamba kuketi kwao kuna bei. Waambie ukweli: hapa hakuna atakayewahesabu vichwa apeleke mahali. Kisha usiwahesabu vichwa.

Nikutolee kisa cha nyumbani. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, zilichaguliwa wilaya sita zitangulie kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Ukerewe ilikuwamo, na Pangani yenu ilikuwamo. Bibi yangu alisoma kisomo chini ya mwembe, mwalimu wake kijana wa darasa la saba, kitabu chake cha kilimo cha pamba. Akafanya mtihani wa taifa wa Agosti 1975, akapata cheti. Alikiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi ya TANU, na watoto tuliruhusiwa kukitazama tukiwa tumenawa mikono. Hesabu za serikali zilikuwa za kujivunia: wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, wakashuka hadi asilimia 39 mwaka ule wa mtihani, na kufikia 1986 ikatangazwa wamebaki kama asilimia 10.

Miaka ya tisini nikaenda likizo, nikampa bibi barua ya mwanawe aliyekuwa Bukoba. Aliishika vizuri, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Akanirudishia. "Nisomee wewe," akasema, "miwani nimeisahau." Bibi hakuwahi kuwa na miwani.

Alisahau kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusoma. Kanda ya Ziwa tulikuwa na gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya watu kama yeye. Kijijini kwetu likaacha kufika, uchumi ukabana, walimu wa kujitolea wakachoka kungoja posho, maktaba ya kata ikabaki kabati lenye mchwa. Kwa hiyo ukiniuliza fedha ya kwanza utakayopata uipeleke wapi, nitakwambia kwenye karatasi moja kila mwezi, herufi kubwa, habari za hapohapo: bei ya mwani, nani kafiwa, harusi ya nani imeahirishwa, mechi iliishaje. Waandishi wawe wao. Ibandikwe barazani, na nakala zikatolewe stationery mjini siku mtu anapokwenda kwa shughuli nyingine.

Ndiyo, sasa shirika. Kusajili si dhambi. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yake, Namba 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2019. Unaweza kusajili kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na utahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, wasifu wa viongozi na utambulisho. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atakueleza fomu kuliko mimi. Ugumu unakuja baada ya cheti: kila mwaka ripoti ya kazi, kila mwaka hesabu zilizokaguliwa. Gharama ya mkaguzi peke yake inaweza kuzidi chaki, daftari na miwani za darasa lako mwaka mzima.

Niliwahi kuwa mhazini wa chama kimoja cha elimu, sitakitaja. Tulikaa miezi tisa tukibishana juu ya nembo. Kundi moja lilitaka kitabu kilichofunguliwa, kundi lingine mwenge, mzee mmoja akataka mwenge unaowaka juu ya kitabu, tukamkumbusha kwamba kitabu kitaungua. Tukapata cheti, tukafungua akaunti, tukangoja mfadhili. Makato ya benki yaliimaliza ile akaunti kabla hatujafundisha hata mtu mmoja silabi moja.

Wewe umeanza na darasa, ndiyo maana nakuomba usiligeuze kuwa kile chama chetu. Kwa sasa waite wale akina mama, wachague mwenyekiti, katibu na mhazini wao, na mhazini awe mwanafunzi, hata kama kila tarakimu itamchukua dakika mbili. Jisajilini kama kikundi halmashauri. Nenda pia ofisi ya elimu ukamwone afisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima, umweleze una kituo kinachoendelea. Muulize kuhusu MUKEJA, mpango ambao wanakisomo husema kwanza shida yao na somo linatoka humo, uone kama kuna vitabu au kama darasa lako linaweza kutambuliwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kisheria tangu 1975. Si kila kitu lazima tukianzishe upya kwa andiko.

Andiko lile usilitie saini. Wanafunzi 500 hawapo, jina la juu ni lako, na siku mgeni atakapokuja kuwahesabu, kijana atakuwa ameshapata kazi Dodoma. Shirika la shangazi, mtoto wa kaka na mke wa mtoto wa kaka ni ukoo wenye muhuri. Kijiji kingine kikija kuomba darasa, ukawa na mwalimu wa pili asiye ndugu yako, na akina mama wenyewe wakawa kwenye bodi wakiweza kuisoma katiba, wakati huo fungueni mazungumzo ya usajili. Kwenye katiba hiyo kiwemo kifungu kimoja cha kwenu: hakuna picha wala jina la mwanafunzi litakalotoka bila yeye kuisoma mwenyewe karatasi ya ruhusa. Asiyeweza kuisoma bado, picha ingoje.

Kijana usimfukuze. Amekosa kazi na ameiona kazi barazani kwa shangazi yake, nani asingeiona? Mpe wanaume wasiojua kusoma. Wapo, na kwa mwanamke hawaji. Awafundishe usiku miezi sita, wachache tu, bila simu mkononi. Akimaliza miezi hiyo na wanafunzi wake bado wapo, ukatibu anaustahili.

Kiinua mgongo kikae kilipo. Toa laki tatu, ubao, chaki, miwani na karatasi vitoke humo, uziandike kwenye daftari ambalo mzee wako anaweza kulifungua wakati wowote. Naona anachokiogopa ni ile milioni nne zaidi ya darasa. Mwonyeshe kwamba imebaki, kisha umuulize tena kuhusu kufunga.

Bamvua ijayo ikipita, akina mama watakuwa na siku kadhaa za kupumzika. Bi Mkubwa asiporudi barazani, mpelekee kadi nyumbani kwake, zikiwa ndani ya kapu la nazi au chochote mnachopelekeana kwa kawaida. Niandikie akianza tena. Usitume picha.